Gauni Lililoongezwa Nyuma

Mtakaosoma haya, kwanza mnivumilie kwa mwandiko na kwa maneno nitakayokosea kuyaandika. Niliishia darasa la saba, na kalamu kwangu huenda polepole. Tena naandika nikiwa nimesimama, daftari likiwa juu ya kabati la vyombo, kwa sababu nikiinamia meza kwa muda mrefu mgongo huanza kulalamika. Ndiyo maana mistari yangu inapanda kuelekea dirishani. Ningeacha kabisa, lakini mwezi uliopita dada Leokadia, binti wa shangazi yangu, alinipigia simu kutoka Ujiji akasema, "Adela, Bi Tausi hatunaye. Wanazika alasiri." Nilifunika meza yangu ya dagaa hapa Kibirizi, nikaenda. Wanaume walipokwenda makaburini, sisi wanawake tuliketi katika chumba chake cha mbele, kile alichokuwa akishonea. Cherehani ilikuwa imefunikwa khanga, lakini pedali yake ilionekana chini, imeng'aa pale nyayo zilipoisugua. Watu walikuwa wakisoma dua. Mimi nilikuwa naangalia ile pedali, na miaka yangu ile miwili ikarudi yote, na harufu zake.

Ya nyumbani Kidahwe nayaacha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza shule, na nimekuja kukaa Ujiji kwa shangazi Domitila nimsaidie biashara ya dagaa. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na uwani kuna jiko la mkaa. Chumba nilicholala na dada Leo kilinuka mawese na dagaa hata tukifungua dirisha, na nguo zetu zilininginia kwenye kamba juu ya kitanda. Ng'ambo ya kichochoro, hatua chache tu, alikaa Bi Tausi, mshonaji. Alikuwa mjane, mweupe wa meno, mwenye sauti ndogo. Yeye na shangazi walikuwa hawapitishi mchana bila kula pamoja. Shangazi alikuwa Mkatoliki wa kushika rozari, Bi Tausi hakukosa swala hata moja, na walichokuwa wakigombania siku zote ni chumvi. "Mama Leo, umetia chumvi ya ng'ombe leo," Bi Tausi husema, huku anachovya tonge la ugali wa muhogo kwenye sombe, kisamvu chetu cha mawese. "Basi acha sombe langu ukale uzi wako," shangazi humjibu, naye anasogeza bakuli karibu zaidi.

Mimi nilikuwa mtu wa haya. Bado ni mtu wa haya, lakini siku zile nilizidi. Mgeni akiingia niliinuka nikaenda uwani. Nikisalimiwa nilijibu nikiangalia vidole vya miguu vya mtu. Kwa hiyo mabega yangu yalipoanza kuja mbele na mgongo wa juu ukavimba kama umebeba kitu chini ya ngozi, kila mtu alikuwa na jibu tayari: Adela ana haya. Anaficha kifua. Wasichana wakiota maziwa ndivyo walivyo. Shangazi alinipiga kofi dogo la mgongoni kila nilipopita mbele yake. "Nyooka! Unaficha nini? Sisi wote tunayo!" Nami nilijinyoosha. Nilivuta mabega nyuma mpaka shingo inauma, nikihesabu kwamba nimenyooka, na bado shangazi alisema, "Nimesema nyooka, we mtoto." Hilo ndilo lililonichanganya. Nilidhani nina kiburi nisichokijua, maana mwili wangu ulikuwa unakataa kutii na mimi nilikuwa nataka.

Hapa Kibirizi, ufukweni, kazi yangu ilikuwa kugeuza dagaa juani. Unainama tangu jua linachomoza mpaka liko juu ya kichwa. Jioni mgongo uliuma katikati ya mabega, maumivu mazito yasiyokuwa na makali, na nyama za nyuma ya mapaja zilikaza kama kamba ya kuanikia. Shangazi alikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ni mawese ya moto: nililala kifudifudi juu ya mkeka, naye akanikanda huku anaongea na dada Leo juu ya mahari za wengine. Ya pili ni beseni. Aliamini mtu akibeba kichwani mgongo hunyooka wenyewe, kwa hiyo mizigo yote ya dagaa ikawa yangu. Nikipita na beseni langu wachukuzi walioketi juu ya magunia waliniambia, "Dada, umedondosha nini?" Mwingine anadakia, "Muacheni, bado anatafuta!" Wanacheka. Na mimi, Mungu anajua, mara ya kwanza nilisimama nikaangalia chini kweli.

Kitu kimoja tu kilinipa moyo: nguo zangu zilinikaa vizuri. Gauni alilonishonea Bi Tausi lilianguka sawasawa pande zote, pindo limenyooka kama ukingo wa meza. Nilisimama mbele ya kioo cha dada Leo nikaangalia lile pindo, nikajiambia kwamba kama ningekuwa nimepinda kweli, gauni lingesema.

Kisha dada Leo akapata mchumba, na harusi ikapangwa. Wasichana wa ukoo tulitakiwa tuvae sare ya kitenge cha njano chenye maua ya bluu. Tulikuwa wengi, na macho ya Bi Tausi yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo kazi akapewa fundi mmoja wa mjini mwenye vijana wanaomsaidia. Magauni yalikuja yamefungwa pamoja kwa kitambaa. Tukayajaribu sebuleni, tumejipanga ukutani, dada Leo amekaa kwenye kochi kama hakimu. Akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasita. "Geuka, Adela." Nikageuka. Nyuma yangu nikasikia kicheko kikizibwa na kiganja. Gauni langu lilikuwa limepanda nyuma mpaka karibu na mikunjo ya magoti, na mbele limeshuka linagusa miguu.

"Fundi kakuharibia," dada Leo akasema.

"Kakatiwa kwa kipimo kimoja na Rehema huyu hapa," mmoja akajibu, "na la Rehema limemkaa. Si wanalingana hawa?"

"Muiteni Bi Tausi alirekebishe," akasema shangazi kutoka uwani, bila hata kuja kuangalia.

Bi Tausi akaja na sindano zake mdomoni, kama kawaida yake. Akapiga magoti nyuma yangu, akashika pindo. Nilisubiri kumsikia akisema, fundi gani huyu. Akatoa sindano mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye khanga yake. Akalipima pindo kwa vidole, mbele na nyuma, mpaka wale wengine wakaacha kuongea.

"Fundi hajakosea," akasema.

Shangazi akatokea mlangoni na mwiko mkononi. "Hajakosea vipi, na mtoto anaonekana kama kuku?"

"Hajakosea, Mama Leo. Mimi ndiye niliyekuwa naongeza." Akaweka vidole vyake mgongoni kwangu, juu ya pale palipovimba. "Mwaka jana nilimwongezea nyuma kidole kimoja. Idi nikaongeza viwili. Gauni la mwisho vidole vinne. Nikaona ni haya ya usichana, itapita, na mimi sikutaka watoto wamcheke."

Shangazi aliangalia vile vidole vinne mgongoni kwangu. Kule Kidahwe alikuwa amewahi kuona mtu aliyeanza na kibiongo akaishia kutambaa, alitusimulia baadaye. Siku ile alisema neno moja tu kwa Kiha, nililolisikia kwake siku za msiba pekee, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, "Uliona mgongo wa mtoto wangu unapinda, ukaufunika kitambaa."

"Mama Leo..."

"Nenda nyumbani kwako, Bi Tausi."

Asubuhi yake tulikwenda hospitali. Daktari wa mifupa alikuwa kijana, kavaa kandambili, na feni yake ilikuwa inazunguka kwa kujilazimisha. Kwanza alimuuliza shangazi maswali yaliyonitisha: ninakohoa? Ninapata homa za jioni? Nimepungua? Kuna mtu wa kifua kikuu nyumbani? Miguu inakufa ganzi? Akaeleza kwamba kifua kikuu kinaweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo kikala mfupa, kwa hiyo lazima ahakikishe kwanza kwamba sina. Shangazi alishika rozari mfukoni, nilisikia shanga zinagongana. Kisha daktari akaniambia niiname kama naokota kitu, akachuchumaa ubavuni mwangu akaniangalia kwa upande. Akaniambia nilale kifudifudi kitandani, niinue kichwa na kifua bila kutumia mikono. Akaweka kiganja pale juu, akakandamiza taratibu.

"Mama, sogea uone. Huu mgongo ungekuwa umepindwa na kukaa vibaya, hapa ungelala. Mtoto wa haya ukimlaza hivi anakuwa bapa kama mkeka. Wa huyu haujalala. Umekaza."

"Ina maana siku zote nikimwambia nyooka..."

"Alikuwa anajaribu. Hawezi. Hata akitaka."

Nilikuwa bado nimelala, uso umeelekea ukutani, na hapo ndipo nilipolia. Daktari alidhani ameniumiza akaondoa mkono. Hakuniumiza. Ni kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nimeamini kwamba mgongo wangu ni tabia yangu. Haya nilikuwa nayo, kweli, lakini haya na mgongo vilikuwa vitu viwili, na hakuna aliyewahi kuvitenganisha mpaka yule kijana wa kandambili.

Walipima damu na makohozi, wakanipiga eksirei nikiwa nimesimama ubavu, mikono mbele. Majibu yalipotoka daktari aliibandika ile picha kwenye kioo cha dirisha maana taa yake ilikuwa mbovu. Kifua kikuu hakikuwepo. Akatuonyesha pingili za mgongo, moja juu ya nyingine. Za chini zilikuwa mraba kama sabuni ya kipande. Za juu, tatu nne zilizofuatana, zilikuwa zimebanwa mbele kama kabari. "Zinakua, lakini mbele zinachelewa. Nyuma ni ndefu, mbele ni fupi. Zikipangwa hivyo, lazima ziiname."

Mimi nikasema, na sijui sauti ilitoka wapi, "Kama gauni langu."

Daktari akamgeukia shangazi amweleze. Shangazi alieleza habari yote ya Bi Tausi na vidole vinne, kwa hasira, lakini katikati ya maneno sauti yake ikavunjika. Daktari hakucheka. Akasema ugonjwa huo una jina refu la daktari mmoja wa Ulaya, huwapata vijana wanapokua kwa kasi, na hakuna anayejua vizuri unatoka wapi. Beseni halikuuleta, wala halitauondoa, lakini kwa sasa niliweke chini. Upasuaji upo kwa waliopinda sana. Mimi sijafika huko. Kilichonifaa ni mazoezi na koti maalumu la plastiki la kushika mgongo wakati mifupa bado inakua. Alikuwa amepiga picha ya nyonga pia, kuona mifupa imebakiza kukua kiasi gani. "Bado ana nafasi ya kukua. Labda mwaka, labda na zaidi kidogo. Mifupa ikishafunga, koti halitasaidia kitu. Msikae nyumbani mkifikiria."

Makoti hayo yalikuwa yanatengenezwa Mwanza. Shangazi aliacha meza yake ya dagaa msimu wa kuuza ili anipeleke, kitu ambacho hakufanya hata alipougua mwenyewe. Kabla ya safari ikapita harusi. Bi Tausi hakualikwa kugusa gauni langu. Shangazi mwenyewe alishona kipande nyuma kwa mkono, na maua ya bluu yakawa yameangalia chini. Nilicheza hivyo hivyo. Katika picha za harusi mimi ndiye mwenye bustani iliyopinduka.

Mwanza walinisimamisha nikashika bomba juu ya kichwa, wakanizungushia bandeji za plasta zilizolowa, za moto kwanza kisha baridi, mpaka nikawa sanamu. Fundi wa pale, baba mmoja mnene, aliniimbia ili nisicheke, maana nikicheka kipimo kinaharibika. Koti lenyewe lilitoka jeupe, gumu, kutoka nyonga mpaka chini ya mabega, nyuma lina mto unaosukuma pale palipovimba, na mbele vyuma viwili vinapanda mpaka chini ya mitulinga. Nilitakiwa nilivae mchana na usiku, nivue kwa kuoga na mazoezi tu. Niliporudi Kibirizi wachukuzi walinikodolea macho, kisha mmoja akasimama akapiga saluti. "Jambo afande!" Tangu siku hiyo nikawa Afande. Nakiri jina hilo nililipenda kuliko lile la kutafuta kilichodondoka.

Lakini joto la Kigoma na plastiki havipatani. Fulana nilizopewa zilikuwa na mishono ya ndani, na mishono hiyo jasho likiingia ilining'ata chini ya mbavu. Ngozi ikachubuka. Usingizi ukaisha. Nilianza kulivua shangazi akienda sokoni na kulivaa akirudi, mpaka siku moja sikulivaa kabisa. Nililisimamisha pembeni ya chumba, likawa limesimama pale kama mtu aliyenikasirikia. Shangazi aliporudi aliliona. Hakunipiga kofi la mgongoni. Hilo alikuwa ameacha. Alikaa kitandani.

"Mifupa itafunga, Adela."

"Ifunge."

"Ifunge?"

"Imenichoka na mimi nimeichoka."

Akainua blauzi yangu akaona vidonda. Akatoka uwani akaanza kukaanga migebuka, na niliijua namna yake ya kugeuza samaki akiwa analia. Hapo ndipo mlango wa kichochoroni uligongwa. Bi Tausi alikuwa hajakanyaga kwetu tangu siku ya sare. Alisimama kizingitini, kifurushi kifuani.

"Hodi, Mama Leo."

Mafuta yanachemka.

"Mtoto namsikia analalamika kupitia dirishani. Safari hii nimekuja kusema mapema."

"Sema basi," shangazi akajibu bila kugeuka.

Bi Tausi akafungua kifurushi. Zilikuwa fulana za pamba laini, kashona kwa mashuka yake mwenyewe yaliyolainika kwa kufuliwa, na mishono yote kaitoa nje. Ndani hakuna hata uzi. "Nje itaonekana vibaya," akasema, "lakini nje iko plastiki, plastiki haichubuki. Na hapa chini ya mbavu nimeweka pacha, vitambaa viwili. Nimeonyesha kila kitu, sikuficha. Kama nimekosea niambieni."

Shangazi akageuka. Akaishika fulana, akaipindua, akaipitisha shavuni mwake. Kisha akairudisha, akaokota samaki mmoja mkubwa akamweka kwenye sahani.

"Kaa ule. Na leo nimesahau chumvi kabisa, utafurahi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Tausi, na wote wawili wakacheka huku wanajifuta macho kwa pembe za khanga, kila mmoja anasingizia moshi.

Mimi nilirudi chumbani, nikasubiri vidonda vikauke kwa siku chache kama daktari alivyoelekeza, kisha nikavaa fulana ya mashuka na juu yake lile gamba. Sikulivua tena bila ruhusa.

Mazoezi tulifanya watatu kila alasiri, juu ya mkeka sebuleni. Unalala kifudifudi unainua kifua. Unaegemeza mguu ukutani mpaka nyuma ya paja inakubali. Unasimama kwenye pembe ya chumba, mikono kila ukuta, unasukuma kifua mbele. Shangazi alihesabu kwa sauti ya kanisani na kila mara alikosea. Bi Tausi alijitupa chini, akainua kichwa kama kinyonga, akasema, "Wangu umeinamia cherehani tangu ujana, huu sasa ni wa kuzikwa nao." Ndiyo, nililikumbuka hilo wakati wanaume wanatoka na jeneza.

Mwaka ulipoisha tulirudi kwa daktari. Akabandika picha mpya kando ya ile ya zamani, kwenye dirisha lile lile. Kibiongo kilikuwa kimepungua. Hakikuisha. Zile kabari zilikuwa zimejaa mbele kiasi, na muhimu zaidi, akasema, mgongo umeacha kuendelea. Nitaendelea na koti muda kidogo, kisha nitaliacha taratibu. "Hutakuwa mwanajeshi," akaniambia, "lakini maisha utayafanya yote." Shangazi akamjibu kwamba mwanajeshi nimeshakuwa, aulize Kibirizi.

Jioni ile Bi Tausi alinisimamisha katika chumba chake cha mbele, utepe shingoni. Walikuwepo wateja wawili wakisubiri. Alinipima mbele, akanipima nyuma, na kabla hajagusa mkasi akasema kwa ile sauti yake ndogo, lakini kwa wote kusikia, "Adela, nyuma bado inazidi mbele vidole viwili. Nitaongeza viwili. Sawa?" Uso wangu uliwaka. Wale wateja walinitazama. Nikasema sawa. Tangu siku hiyo, kila gauni alilonishonea, la kazi, la komunyo, hata la harusi yangu, aliuliza hivyo hivyo kabla ya kukata, na mimi nilijibu hivyo hivyo.

Wiki iliyopita nilipeleka kitenge kwa fundi mpya hapa Kibirizi, kijana mwenye simu iliyobandikwa sikioni. Alinipima kiuno na mabega haraka haraka, akawa anakunja kitambaa. Nilisimama pale. Watu walikuwa wengi. Ningeweza kunyamaza, likapanda nyuma, nikalivaa hivyo. Nikamwambia, "Kaka, subiri. Mimi mgongo wangu umepinda juu. Nyuma ongeza vidole viwili." Akashusha simu. Akanipima tena, safari hii vizuri. "Viwili kweli, mama," akasema. "Ahsante kwa kuniambia."

Sasa ninaomba. Aliye na mtoto anayeambiwa nyooka kila siku, amlaze kifudifudi mchana mmoja aone kama mgongo unalala. Usipolala, aache makofi, ampeleke hospitali angali anakua. Na aliyewahi kuvaa gamba kama langu, au kushonewa na mtu aliyempenda vibaya kisha akampenda vizuri, aniandikie. Wale watakaochapa haya kwenye kitabu watanifikishia. Msiogope mwandiko wenu. Nitasoma polepole, nikiwa nimesimama, na nitajibu.